Maji ya Alfajiri ya Bibi Minza

Wajukuu zangu mnaosomea kulea wazee, nasikia huko vyuoni kazi yetu imepewa jina refu mpaka mtu anapumua katikati. Sisi tuliita kuogesha wazee, basi. Mtu akikuuliza njiani unafanya kazi gani, unamwambia naogesha wazee, anacheka, na wewe unacheka, mnaachana kwa amani. Sasa nimestaafu, nakaa Mabatini kwa binti yangu, na mikono yangu imeacha kunuka sabuni ya mche. Hamtaamini nikiwaambia kwamba naitamani ile harufu. Wakati mwingine nanunua mche dukani, nauweka chini ya mto, binti yangu anadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Nyumba yetu ya wazee ilikuwa kwenye kilima cha mawe, nje kidogo ya mji, ziwa likiwa chini yetu. Ukitoka jikoni na ndoo unaliona lote, na upepo wake unakuona wewe. Watu wa Mwanza wakisikia kwamba baridi inaua wanafikiria Ulaya, au wakijitahidi sana wanafikiria Makete. Hapa kwetu baridi ni ya kuvalia sweta asubuhi na kulivua saa nne. Ndivyo mnavyoona ninyi wenye damu inayochemka. Mzee wa miaka themanini, mfupa na ngozi, mvue nguo alfajiri mwezi wa Julai katika bafu la mabati linalopitisha upepo, ndipo mtajua kama Mwanza ina baridi au haina.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Shija, Msukuma wa kimo kifupi na sauti ndefu. Alikuwa mkuu wetu sisi wahudumu wa upande wa wanawake. Siku yangu ya kwanza nilichanganya maji, nikachovya kidole, nikasema tayari. Akaniangalia.

"Umeyapima na nini?"

"Na kidole, mama."

"Kidole chako kina umli gani? Kidole hicho kinageuza ugali kila siku, kinajua nini habali za moto? Tumbukiza kiwiko. Kiwiko ndicho kinafanana na bibi."

Hadi leo napima kwa kiwiko, hata maji ya kuoshea vyombo. Na ninyi pimeni hivyo. Mkiambiwa kuna kipimo cha kisasa, kichukueni, ni kizuri, halafu chovyeni kiwiko.

Huyo Mama Shija ndiye aliyenipa amri ya miguu. Mzee hamwagiwi maji kichwani kwanza, hata kama ni ya moto. Unaanza na nyayo, unapanda magoti, unamimina kidogo kidogo kwenye mikono, mwili unapata habari kwamba maji yanakuja. Kichwa ni mwisho kabisa, na wakati wa upepo kichwa kinaweza kusubiri mpaka mchana. Aliishika amri hiyo kwa sababu ya mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa pale kabla yangu. Yule mzee alizoea tangu ujana kuoga kabla ng'ombe hawajatoka zizini, kwa maji yaliyolala nje usiku kucha. Asubuhi moja ya upepo alijifungia bafuni, akainua ndoo nzima akajimwagia utosini. Waliokuwa nje walisikia akivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeitwa ghafla, kisha ndoo ikaanguka. Walipofungua mlango alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, amekwisha.

Ndugu zake walikuja, wakasema amelogwa. Walitaka kujua nani aligusa ndoo yake. Mama Shija aliwajibu, "Hakuna mtu. Amelogwa na maji yenyewe," wakamkasirikia sana. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Moyo wa mzee ni kama mlango wa zamani, ukiusukuma polepole unafunguka, ukiupiga teke bawaba inatoka.

Msidhani basi dawa ya baridi ni kumchemsha mtu. Tulikuwa na Bibi Yulita, mama wa kanisa kwelikweli, aliyekataa maji ya vuguvugu kwa madai kwamba Mungu mwenyewe hapendi kitu kilicho vuguvugu. Ama moto ama baridi, alisema, atakayeniletea ya katikati atajibu mbinguni. Tukampa ya moto. Akayafurahia, akakaa kwenye beseni muda mrefu akiimba pambio, akasimama kwa haraka, akaanguka mikononi mwangu kama kanga inayodondoka kwenye kamba. Damu yote ilikuwa imeshuka miguuni kusikiliza pambio. Tangu siku hiyo hakuna aliyesimama bila kukaa kwanza kidogo, akapumua, akashikwa.

Na huyu huyu Bibi Yulita ndiye aliyetupa somo la jiko. Ilikuwa baridi, mwenzangu mmoja kwa huruma zake akaingiza jiko la mkaa bafuni ili bibi aogee penye joto. Akafunga mlango, akaziba hata uwazi wa chini kwa gunia. Baada ya muda tukamsikia Bibi Yulita anasema, "Nawaona malaika." Sisi tukaitikia, "Amina, bibi." Akasema tena, "Wanaimba." Tukaitikia tena. Mama Shija alikuwa anapita na nguo, akasimama, akanusa. Alipiga mlango kwa bega, akamburuta bibi nje na povu lake. Bibi Yulita alipopata fahamu alitulaumu kwamba tumemrudisha akiwa ameshafika getini. Tulicheka mpaka tukalia, ila kilio kilikuwa cha kweli. Jiko la mkaa halilali na mtu chumbani wala haliogi na mtu. Pasheni bafu moto kwa kumwaga maji ya moto sakafuni na ukutani kabla mzee hajaingia, halafu zibeni upande upepo unakotoka, basi.

Tena bafu lisiwe kimya. Wapo wazee wanaotaka kuoga peke yao, na ni haki yao, heshima ya mtu haiishi kwa sababu ameota mvi. Unamwacha, unarudisha mlango bila kufunga komeo, lakini unapatana naye kwamba ataongea au ataimba mpaka atakapomaliza. Wewe uko nje unaitikia. Akinyamaza unaita mara moja, asipojibu unaingia, heshima mtairudishiana baadaye. Mimi nimesikia bafuni mambo ambayo padri hajawahi kuyasikia kwenye kitubio. Nimesikia ndoa, nimesikia wizi wa mbuzi, nimesikia majina ya wanaume waliopendwa kabla ya mume. Ndivyo nilivyomjua Bibi Minza, na kusema kweli mengine yote haya nimewaeleza ili nifike kwake.

Aliletwa na mwanawe aitwaye Masanja, mkulima wa mpunga, kutoka kijiji kimoja cha kando ya ziwa upande wa Magu. Mfuko wake wa nguo ulikuwa mdogo, mtu angedhani amekuja kusalimia. Masanja alitoa shikamoo kwa kila mtu, hata kwangu mimi ambaye tulilingana umri, kisha akaniomba tusogee pembeni.

"Mama yangu si mgonjwa sana," aliniambia. "Moyo tu, daktari alisema umechoka. Nimemleta kwa sababu ya kuoga."

"Kuoga?"

"Tangu msichana anaoga ziwani alfajiri, kabla watu hawajafika kuchota maji. Ni aibu yake tu, hataki kuonwa. Sasa vijana wa kijiji wamemwona. Bibi kizee, uchi, gizagiza, ananyanyua mikono anajimwagia. Mimi nikawaambia, mama anaoga. Wao wakasema, analoga. Herufi moja tu, dada yangu. Nimemwondoa kabla hawajamfikia."

Ninyi mliozaliwa mjini pengine hamjui, lakini sisi wa Usukumani tunajua yaliyowapata mabibi wengi kwa sababu ndogo kuliko hiyo, macho tu kuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Nilimshika Bibi Minza mkono nikamwingiza ndani. Mkono ulikuwa mkavu na mwepesi.

Asubuhi yake nilimpelekea beseni. Alikuwa ameshaamka, amekaa kitandani anatazama dirishani.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia. Kwetu mayu ni mama, na wazee humwita hivyo hata binti, kwa mapenzi.

"Mwangaluka, bibi. Maji yako haya hapa."

Akachovya vidole, akanitazama kwa huruma. "Hii ni supu. Nyama iko wapi?"

Alioga, lakini alioga kama mtu anayekula kwa mgeni, kwa adabu. Kila siku hivyo. Nje ya mlango mimi naitikia, ndani yeye anasimulia ziwa. Alisema alfajiri maji yanakuwa laini, hayajaguswa na mtu. Alisema unasikia furu, wale samaki wadogo, wanakugusa miguu. Alisema mume wake alimposa baada ya kukutana naye njiani anatoka kuoga, nywele zinachuruzika, na kwamba hakumpenda kwanza, alimpenda baadaye, alipojua ni mtu wa kugeuza uso asimtazame asiyetaka kuonwa. Kisha ananyamaza kidogo, naita, "Bibi!" Ananijibu, "Niko. Nilikuwa huko."

Nilimpenda. Nasema wazi, ingawa mafunzo yanasema usimpende mmoja kuliko wengine. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, sikupata kumwogesha. Nilipokuwa nampaka Bibi Minza mafuta mgongoni nilikuwa namkuta mama yangu humo.

Ombi lake lilikuwa moja. "Nipeleke ziwani alfajiri, mayu. Mara moja tu." Ziwa lilikuwa pale chini, analiona kutoka kitandani. Na mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa geti la kushukia huko. Ningekubali, pengine moyo wake ungesimama mikononi mwangu kama ule wa mzee mfugaji. Nikikataa, basi waliomwita mchawi wamempokonya kijiji, na mimi nampokonya maji. Nilimwambia, "Upepo ukiisha, bibi."

Upepo wa Juni ukaingia, mkavu, unaokata midomo. Alfajiri moja nikaingia chumbani kwake na blanketi la ziada, kitanda kitupu. Dirisha lilikuwa la chini, linatokea nje ya ua, nalo lilikuwa wazi. Sikupiga kelele, nilikimbia tu. Nilishuka yale mawe bila viatu huku nasali kwa maneno ambayo si ya sala.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe la ukingoni, kanga imefungwa kifuani, miguu yote miwili ndani ya maji. Hakugeuka.

"Usifoke," alisema. "Nimeanza na miguu kama ulivyonifundisha. Nasubiri mwili upate habari."

"Bibi, toka. Tafadhali."

"Maji nimeshayavulia nguo, nitayaachaje?"

Nikaingia majini mpaka magotini ili nimshike, na hapo nikashangaa. Maji yalikuwa na joto. Joto la jana lilikuwa bado limo, miguu yangu ilistarehe. Kilichoniuma ni huku juu, palipolowa na kupigwa na upepo. Nikajua kwamba bibi hakosei kuhusu maji, na mimi sikosei kuhusu kifo. Kingemkuta wakati wa kutoka, amelowa, kabla sijafika na taulo. Nikamwambia hivyo hivyo, palepale, meno yananigongana. Alinisikiliza. Halafu akatoa miguu yake, mmoja baada ya mwingine, akaniachia nimfunike.

"Unatetemeka kuliko mimi," akasema, na njia nzima ya kupanda alinicheka.

Mama Shija alinifokea mimi, akamfokea bibi, akalifokea dirisha. Alipomaliza akakaa chini akafikiri. Yeye ndiye aliyetoa wazo la mchana. Pale ukingoni kuna mawe makubwa yamepangana kama watu kwenye mkutano, katikati yake maji ni ya kina kifupi. Jua likiyapiga mawe hayo kutwa, jioni unaweza kuyaegemea yakakukanda mgongo. Hapo upepo haupiti, na penye upenyo wahudumu wawili wanatanda kanga. Muuguzi wetu alikuja juu, akasema kuna kichocho. Bibi Minza akamjibu, "Kichocho kinitafute mimi? Kitakula nini?"

Basi tukawa tunampeleka saa kumi, siku zenye jua. Miguu, magoti, mikono. Mimi namshika kiunoni, Mama Shija anashika kanga na taulo lililoanikwa juu ya jiwe mpaka likawa moto. Akitoka tu, taulo limeshamfunika, namkausha haraka, mgongo, kwapa, katikati ya vidole, kabla upepo haujajua kwamba kuna mtu. Halafu anaegemea jiwe, anafumba macho. Siku nzuri za kazi yangu zilikuwa zile. Nikirudishiwa siku moja tu ya maisha, sitachagua harusi yangu, nitachagua saa kumi mojawapo pale kwenye mawe.

Lakini msidhani aliridhika. "Asante, mayu," alikuwa ananiambia, "ila haya yameshachoka. Yameonwa na kila mtu tangu asubuhi." Kisha ananiuliza, kwa upole, kama mtu anayemuuliza jirani habari za safari, "Ile alfajiri lini?" Namjibu, "Upepo ukiisha." Upepo uliisha, mvua zikaja, akaanza kuvimba miguu, hakuweza tena kushuka mawe. Nikawa nachota maji ya ziwa jioni, nayapasha, namwogeshea chumbani. Anayanusa, anatabasamu. Supu, lakini nyama yake angalau imo.

Sijuti. Wapo watakaowaambia kwamba mzee apewe kila anachotaka, na wapo watakaowaambia anyimwe kila kinachomhatarisha, na wote hao hawajawahi kumshika mtu aliyelowa. Sijuti, ila nina hamu na Bibi Minza. Hapa Mabatini binti yangu ana hita, anabonyeza, maji tayari, ananiita, "Mama, njoo uoge," ananisimamia mlangoni na mimi naimba kama nilivyomfundisha. Alfajiri naamka kabla ya kila mtu. Natamani anitokee mtu mmoja wa kuniambia mwangaluka, mayu.

Bibi Minza aliondoka Julai iliyofuata. Jioni alikunywa uji, akaomba nimgeuze upande wa dirisha, akalala. Nilipomgusa usiku wa manane nikajua. Kitandani, mkavu, amefunikwa mablanketi mawili, kama tunavyofundishwa. Tukampigia Masanja simu, akasema atafika asubuhi kumchukua, akaomba tumwandae mama yake.

Kuosha maiti ilikuwa kazi yetu pia. Mwenzangu alikuwa ameshawasha jiko kwa mazoea, sufuria iko juu. Nikamwambia aitoe. Alfajiri ile nilichukua ndoo, nikafungua geti, nikashuka. Hakukuwa bado na mtu wala nyayo za mtu. Niliingia mpaka magotini nikachota pale ambapo maji hayajatibuka. Upepo ulikuwa mkali, na nilipofika juu kilimani ndoo ilikuwa imeshapoa, nilitumbukiza kiwiko nikasisimka mwili mzima. Sikuyachanganya na kitu.

Tulifunga mlango, mimi na Mama Shija. Masanja alikuwa amefika, amesimama nje kwenye ukuta, anasikia maji yanavyomwagika. Nilimwosha mama yake kwa maji yale ya alfajiri, yenye baridi vilevile, nikilia waziwazi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikuwa na haraka ya kumkausha.